Mkono wa Tatu

Dalali Jerotich alikuja Jumatatu na viatu vya kisigino,
akakanyaga zulia la mama kama anayepima udongo.
"Mnunuzi," alisema, "hanunui nyumba.
Anajinunua mwenyewe akiwa ndani yake.
Sasa nyinyi mmejaa humu mno. Tokeni kidogo."

Basi tukaanza kujitoa:
vitambaa vya kufuma, kimoja kimoja, migongoni mwa makochi,
baba ndani ya fremu, na ovaroli ya kiwanda cha pareto,
redio isiyosema tangu uchaguzi ule.
Obwocha akabeba hadi stoo ya jirani,
akirudi mikono mitupu, kila safari mfupi zaidi.

Vumbi la Nakuru halina adabu.
Unapangusa dirisha, unageuka kusuuza kitambaa,
limekwisha kurudi, limeketi, linakutazama.

Jerotich akaleta bakuli la malimau,
kumi na mawili, ya kutazamwa tu.
Akachemsha mdalasini kufukuza chinsaga
iliyokaa darini miaka thelathini.
Chumba ambamo baba alilala miezi minane
akimsikiliza mama akihesabu vidonge
alikitandika shuka nyeupe, mito minne,
akasema, "Hiki ni cha wageni."

Hakuna aliyembishia.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Baba hakungoja kupewa.
Jembe tulilishika sisi, kule Nyamache, mvua ikinyesha.

"Halafu mkicheka," akaongeza, "msicheke sana."
Maana maji ya kisima yametupaka meno rangi ya chai,
sote tuliokulia mtaa huu.

Ukabaki mlango wa jikoni.
Nyuma yake mama alikuwa na benki:
vijiti vya wino wa buluu, vinne, na cha tano kikivikata,
chupa za maziwa ya Kosgey, mkopo hadi mwisho wa mwezi.
Mwaka baba aliposimamishwa kazi
vijiti vilishuka hadi kwenye bawaba ya chini,
vikavuka ubao, vikaendelea ukutani.
Vilivyozungushiwa duara vimelipwa.
Visivyozungushiwa
ni vingi.

Fundi Makokha akapaka mkono wa kwanza.
Asubuhi wino umepenya, mwembamba,
kama mishipa kwenye ngozi ya mtu aliyekonda.
Mkono wa pili. Ukapenya.
Makokha akachuchumaa, brashi ikidondoka:
"Penseli hunyamaza, dada. Biki haijui kunyamaza."

Mama alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki,
ameupa mlango mgongo.
"Paka wa tatu," akasema.
"Kosgey mwenyewe alinisamehe siku ya matanga."
Hilo hatukuwahi kuambiwa.

Jumamosi, saa nne, wakaja: mume, mke, mtoto wa kubebwa.
Mume akagonga kuta kama anayechagua tikiti maji.
Akauliza kuhusu ufa wa sebuleni.
"Menengai imelala," nikamwambia.
Akauliza maji. "Yapo," tukajibu,
midomo karibu imefungwa.

Mke akausukuma mlango wa jikoni, akasimama nyuma yake.
Akakawia.
Tulisikia mdalasini ukitokota.
"Na hapa pana nini?"
"Kivuli tu," Jerotich akawahi. "Mwanga wa dirisha."

Yule mama akahamisha mtoto bega,
akaweka kidole juu ya rangi,
akafuata kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne,
na kile cha tano kinachokata.
"Kwetu Londiani," alisema polepole,
"ilikuwa mkate."

Mume alishusha bei elfu mia mbili kwa sababu ya ufa.
Tukakubali; ufa ulikuwepo.

Jioni Jerotich akakusanya vyake,
akahesabu malimau mara mbili. Kumi na moja.
Akatutazama mmoja mmoja.
Mama alikuwa uani, kikombe mkononi, mvuke ukipanda,
anacheka
bila kuonyesha meno.